Kivumbasi kwa maharage na kwa kifua: kwanini kwako kimegoma, na jinsi ya kukifanya kikakubali

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa, wa kumi, simu ni zile zile. Mtu kavuna maharage mwezi wa saba, kasikia kivumbasi kinazuia wadudu, kachuma furushi kalitumbukiza kwenye gunia kafunga, leo kafungua anakuta vumbi, matundu, na vidudu vinakimbizana. Anahitimisha kwamba kivumbasi ni stori za wazee.

Sio stori, ila ametumia kama hirizi, kwamba jani likishakuwa ndani ya gunia basi mambo yamekwisha. Na mimi nilifanya hivyo hivyo, nitawaeleza mbele huko.

Shika mambo mawili kabla hatujaanza. Kazi yote inafanywa na harufu, harufu ikiisha ulichobaki nacho ni majani makavu tu. Na harufu inamzuia mdudu anayekuja, haimfuati yule ambaye tayari yuko ndani ya punje. Karibu kila kosa ninaloletewa linatokana na mtu kusahau mojawapo ya hayo.

Naongelea kivumbasi cha porini, kile kinachoota kandokando ya njia na kwenye mashamba yaliyolala, wengine wanaita mvumbasi. Waganda wanakiita mujaaja na wanakitia kwenye chai kila siku. Sio mrehani wa kwenye makopo barazani, ingawa ni ndugu.

## Vitu vya kuandaa (kwa debe moja la maharage)

- Maharage debe moja, yaani kama kilo 18 hadi 20, yaliyopepetwa
- Majani mabichi ya kivumbasi kilo 2, bila vijiti. Yakikauka yatabaki kama gramu 400 hivi
- Kamba ya kuning'iniza, au chanja
- Turubai au mkeka. Usianike chini kwenye udongo
- Nailoni nyeusi na nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, ukubwa wa kitanda
- Chupa ya glasi kavu yenye mfuniko na chumvi ya mezani, vya kupimia unyevu
- Ndoo inayozidi lita 20 kidogo, ili majani nayo yaenee, yenye mfuniko unaobana kweli kweli. Gunia ni la mwisho kabisa kama hauna kitu kingine
- Majivu ya kuni yaliyochekechwa, kama kilo moja (sio lazima)

Muda ni siku kumi hivi. Ukitaka imalizike kwa siku mbili acha tu, utapoteza majani na maharage pia.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni chenyewe

Chukua tawi, lizungushe kati ya vidole. Shina la kivumbasi lina pembe nne, sio la mviringo. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na jozi inayofuata inakaa kwa kukingamana na ya chini yake. Kingo za jani zina meno meno kama msumeno, na maua ni madogo meupe au ya kijani iliyopauka, yamejipanga kwenye kishada kirefu kilichosimama. Kichaka kinaweza kukupita urefu.

Halafu fikicha jani unuse. Hapa ndo pa kuwa makini maana kuna harufu mbili kubwa. Kuna kivumbasi kinachonukia karafuu, hicho kina yujeno, kitu kile kile kilichoko kwenye karafuu za Unguja na Pemba. Na kuna ndugu yake anayenukia karafumaiti, kama dawa ya kupaka kifuani, huyo anaota sana nyanda za juu na jina lake la kitaalamu limebeba jina la mlima Kilimanjaro, Ocimum kilimandscharicum. Kwenye msitu wa Kakamega kule Kenya wanakijiji wanamlima na kumkamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua.

Kwa maharage wote wawili wanafaa. Kwa kunywa, wa karafuu tu. Wa karafumaiti usinywe na usimpe mtoto, karafumaiti ikiingia tumboni kwa mtoto inaweza kumletea degedege.

Angalizo: kuna kichaka kingine chenye harufu kali, majani yanatazamana, na shina nalo linaelekea pembe nne, ila kina vimiba vidogo na maua ya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja, njano, waridi, chungwa. Hiyo ni lantana na ni sumu kwa mifugo. Usiiweke kwenye chakula hata kama jirani anakwambia yeye anaitumia.

Umefaulu kama: ukifikicha jani moja, harufu inabaki kwenye vidole hata baada ya kunawa maji matupu. Kama imepotea ukishanawa, hicho kichaka ni dhaifu, tafuta kingine. Vinatofautiana sana, hata vya bonde moja.

## Hatua ya 2: Chuma saa yake

Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Ukichuma na umande majani yataoza kwenye kamba, ukichuma saa nane mchana sehemu ya harufu imeshapaa na jua.

Chagua kichaka kinachoanza kutoa maua, hapo ndo mafuta yamejaa. Kikishazaa mbegu na kukauka kauka kimeshapungua nguvu.

Kata matawi, using'oe. Acha shina la chini kama futi moja litachipua tena, na usimalize kichaka chote siku moja. Kwa debe moja utahitaji vichaka vitatu vinne vilivyoshiba.

## Hatua ya 3: Kausha kivulini, narudia, kivulini

Hapa ndo wanapoangukia wengi, labda nusu ya wote. Wanaanika juani juu ya bati, kwa siku moja majani yamekauka yamekuwa kahawia, wanafurahi. Nusa yale majani. Yananuka nyasi.

Sababu ni kwamba mafuta ya kivumbasi yamekaa juu ya ngozi ya jani, kwenye vifuko vidogo mno ambavyo hauvioni kwa macho, na ni mafuta mepesi yanayopaa. Jua kali linayapeperusha yote kabla jani halijafika kwenye maharage. Umekausha jani vizuri sana ila umepoteza dawa.

Funga vishada vidogo, matawi matano sita tu, vining'inize kichwa chini ndani ya chumba chenye upepo au chini ya upenu ambapo jua halifiki. Vishada vikiwa vinene katikati panaota ukungu. Kila siku vishike uone.

Huku kwetu Lushoto mwezi wa saba ni ukungu na baridi mpaka saa nne asubuhi, majani yanaweza kuchukua siku nane hadi kumi. Sehemu za joto kama Korogwe siku nne au tano zinatosha. Kuna anayening'iniza juu ya jiko la kuni ili yawahi, mimi sipendi, moshi unafunika harufu na joto la jiko ni lile lile jua kwa jina lingine.

Umefaulu kama: jani likishikwa linavunjika kwa mlio, bado lina ukijani, na kijiti chembamba kinakatika "ta!" badala ya kupinda. Halafu ukilivunja karibu na pua harufu inakupiga. Kama halinukii usiendelee, chuma upya.

Usiyasage sasa. Ukisaga leo ukatumia wiki ijayo umefungua vile vifuko vyote hewani. Yaweke mazima kwenye mfuko wa karatasi au ndoo mpaka siku ya kuhifadhi.

## Hatua ya 4: Maharage yenyewe yawe makavu

Wakati majani yananing'inia wewe shughulika na maharage.

Maharage au mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa unyevu usizidi asilimia 13 hivi. Juu ya hapo hata ukijaza kivumbasi nusu ndoo utapata ukungu, na ukungu ni balaa kuliko bungua, maana kuna ukungu unaotoa sumukuvu. Kenya mwaka 2004, upande wa mashariki, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliugulisha watu 317, na 125 kati yao walikufa. Kupika hakuondoi hiyo sumu. Kwahiyo hii hatua sio ya kuruka.

Anika juu ya turubai siku mbili tatu za jua, geuza geuza kila saa, jioni ingiza ndani usiache yalale nje yakanywa umande.

Kupima bila mashine: kaanga chumvi vijiko vitatu kwenye kikaango kikavu mpaka ikauke kabisa, iache ipoe. Chukua chupa ya glasi kavu, weka maharage mpaka theluthi, tia chumvi, funga, tikisa kama dakika tatu, halafu iache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, maharage bado mabichi, rudisha juani. Ikidondoka yote chini na chupa ikabaki safi, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, na hapo mimi huwa naongeza siku moja ya jua ndo roho inatulia.

Kuna na njia ya meno. Haragwe kavu ukiling'ata linapasuka, halibonyei. Watu wazima wanaijua hii, ila wenye meno ya bandia watumie chupa tafadhali.

## Hatua ya 5: Wamalize walioko ndani

Sasa hii ndo hatua niliyokuwa siijui mimi, na ndiyo iliyoniangusha. Mwaka 2019 niliweka madebe mawili, majani mazuri kabisa, ya kivulini, harufu mpaka jirani anauliza kuna nini, baada ya wiki sita nafungua nakuta matundu. Mama mkwe akacheka akasema "ulifungia mwizi ndani ukaweka kufuli nje".

Ndivyo ilivyo. Bungua wa maharage anaanza shambani. Maganda yakishaanza kukauka jike anaingia anataga, wewe unavuna, unapiga, unapepeta, na mabuu tayari yako ndani ya punje yanakula kimya kimya. Kwa nje haragwe ni zima. Baada ya mwezi hivi, au mwezi na nusu kukiwa na baridi, wanatoboa wanatoka, wanapandana, na hao wapya ndo wanamaliza debe.

Ili kuwaua tumia jua safari hii kwa makusudi:

Tandaza nyasi kavu au mkeka chini ili joto lisiingie ardhini. Juu yake nailoni nyeusi. Mwaga maharage kwa wembamba, unene wa vidole viwili. Funika na nailoni nyeupe, bana kingo zote kwa mawe hewa isitoke. Acha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, siku ya jua lisilo na mawingu.

Ndani panatakiwa pafike nyuzi joto 57 kwa saa nzima, hapo yai, buu na mdudu mkubwa wote wanakufa. Kipimajoto sio lazima, ila ukiingiza mkono ushindwe kuuacha humo kwa raha. Nyuma ya nailoni nyeupe ukiona matone matone ya maji ujue maharage hayakuwa makavu, rudi hatua ya 4.

Baadaye fungua, acha yapoe kabisa mpaka kesho yake. Ukifunga ya moto kwenye ndoo yatatoa jasho na ukungu utaanza.

Angalizo: ya mbegu mimi siyaweki kwenye nailoni, nisije nikapanda yasiote. Kwa mbegu, au kama jua hamna, tumia njia ya kuviringisha. Ndoo isijae kabisa, kila asubuhi na jioni unailaza na kuiviringisha mizunguko michache. Inaonekana kama mchezo wa watoto lakini buu la bungua linapotoka kwenye yai linahitaji karibu siku nzima limetulia sehemu moja ili litoboe ganda la haragwe, ukilivuruga mara mbili kwa siku halipati nafasi linakufa. Fanya hivyo mfululizo bila kuruka siku. Bwana mdogo wa nyumbani anaweza kupewa hiyo kazi, atafurahi siku tatu za kwanza.

## Hatua ya 6: Chombo

Ndoo ioshwe, ianikwe juani, ikauke kabisa. Kama ni lazima utumie gunia la zamani lichemshe au lizamishe kwenye maji ya moto sana, kisha anika, kwenye mishono ndo wanakojificha. Fagia stoo, nyufa za ukuta na pembe, na maharage ya mwaka jana usiyaweke chumba kimoja na mapya.

Kwanini ndoo yenye mfuniko na sio gunia? Kwasababu gunia linapumua. Harufu unayoisikia ukiingia stoo ni ile iliyotakiwa ibaki ndani inafukuza wadudu. Pia ndoo ikibana, wadudu wachache waliobaki wanamaliza hewa yao wenyewe.

## Hatua ya 7: Vunja na changanya

Siku ya kuhifadhi, vua majani kutoka kwenye vijiti, vunja kwa viganja yawe vipande vipande vikubwa, sio unga. Unga unanukia sana wiki ya kwanza halafu unakwisha. Vipande vinatoa harufu pole pole.

Kipimo changu ni gramu 20 kwa kila kilo ya maharage, yaani zile gramu 400 kwa debe. Kama hauna mizani, ni majani yaliyovunjwa kama lita nne au tano bila kushindilia. Najua inaonekana mengi. Wengi wanaweka konzi mbili kwa debe zima halafu wananipigia mimi simu.

Gawa mafungu manne. Matatu changanya na maharage kwenye turubai mpaka yasambae, jaza ndoo, tikisa yakae sawa, ongeza mpaka karibu na mdomo ili hewa ibaki kidogo. Fungu la nne litandaze juu kabisa kama blanketi, maana mdudu wa nje anaanzia juu. Funika. Kama mfuniko unacheza weka nailoni kwanza ndo ufunike.

Ukitaka yakae zaidi ya miezi mitatu, changanya na majivu ya kuni yaliyochekechwa, kama kilo moja kwa debe. Majivu yanajaza nafasi kati ya punje mdudu ashindwe kutembea, na yanamkwaruza ngozi anakauka. Usitumie majivu ya mkaa uliochomewa takataka au plastiki.

Na usichanganye kivumbasi na dawa ya unga ya dukani ukidhani mbili ni bora kuliko moja. Chagua njia moja. Kama umeweka ya dukani, fuata karatasi yake na siku za kusubiri.

## Hatua ya 8: Kagua, usifungie ukasahau

Kila baada ya wiki mbili fungua, nusa kwanza. Halafu ingiza mkono mpaka katikati, toa konzi, mwaga kwenye sahani nyeupe uangalie:

Vidoa vyeupe vimegandia kwenye ganda, hayo ni mayai. Kwenye kunde utayaona wazi zaidi.

Kiduara kidogo kama kidirisha chenye rangi tofauti, hapo kuna mdudu amekula mpaka chini ya ngozi anasubiri kutoka. Ukiona vidirisha viwili vitatu kwa konzi rudi hatua ya 5 siku hiyo hiyo, usisubiri Jumamosi.

Tundu wazi, huyo ameshatoka.

Harufu kwenye ndoo inayofungwa vizuri inakaa miezi miwili hadi mitatu. Ukifungua ikawa haikupigi puani, pepeta majani ya zamani weka mapya, kipimo kile kile. Ndo maana nakausha kila ninapopita njiani, sisubiri mavuno.

Siku ya kupika: pepeta, osha maji mawili, chemsha kawaida. Ladha haibaki, labda kwa mbali kwenye sufuria ya kwanza.

## Vipi kuhusu mahindi, na nyama?

Mahindi inafanya kazi kwa fukusi, yule mweusi mwenye pua ndefu, hatua ni hizo hizo. Ila kwa dumuzi, yule ambaye Tanzania wengine wamempachika jina Skania, usitegemee kivumbasi peke yake. Yeye anasaga punje unga unamwagika. Anza kwa kupukuchua, usihifadhi kwenye magunzi maana huko ndo anapapenda, kausha, halafu tumia mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS. Na ukiwa na gunia kumi za kitu chochote mimi nakushauri mifuko hiyo moja kwa moja, kivumbasi ni cha madebe ya nyumbani.

Nyama na samaki, hapana. Kuna watu wanasema ukifunga nyama kwa majani ya kivumbasi inakaa siku tatu bila friji. Ni kweli mafuta yake yakikamuliwa yanadhoofisha bakteria, lakini jani sio mafuta yaliyokamuliwa, harufu nzuri itakuficha kwamba nyama imeharibika, na hiyo ni mbaya kuliko kuinusa ikinuka. Tia kwenye mchuzi kwa ladha, ni tamu.

## Sasa kifua na mafua

Hapa nitaenda haraka, maana sehemu hii watu hawakosei kutengeneza, wanakosea kujua mwisho wake uko wapi.

Chai. Majani mabichi matano sita ya kivumbasi cha karafuu, au kijiko kimoja cha makavu, kwenye kikombe. Mimina maji yaliyochemka, FUNIKA kwa sahani dakika kumi. Usichemshe pamoja sufuria ikiwa wazi, harufu yote inaenda darini na wewe unakunywa maji ya kijani. Unajua umefaulu ukifunua sahani ikiwa na matone yanayonukia, yarudishe kikombeni. Kikombe kimoja au viwili kwa siku, siku tatu nne, asali ukipenda (ila asali usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja). Inalegeza makamasi na koo inapata nafuu.

Kujifukiza. Konzi mbili za majani kwenye beseni, maji ya moto, shuka kichwani, dakika kumi, macho umefumba. Beseni liwe chini au kwenye meza isiyoyumba. Watoto wadogo usiwafunike kabisa, maji ya nyungu yanaunguza watoto vibaya sana. Mtoto kaa naye tu kwenye chumba chenye harufu.

Mbu. Tawi bichi lililofikichwa karibu na kitanda, au majani makavu kwenye kigae chenye kaa la moto kabla ya kulala. Inapunguza, haimalizi. Chandarua kinabaki pale pale, na jiko la mkaa linatoka nje ya chumba kabla mtu hajalala.

Wasiotumia kama dawa: mjamzito na watoto wachanga. Anayemeza dawa za sukari au za kuzuia damu isigande aongee na daktari kwanza maana kivumbasi kinaweza kugusa vyote viwili.

Na mwisho wa kivumbasi ni huu. Homa kali, nenda kapime malaria, usibaki na kikombe cha chai. Mtoto anayekohoa, muangalie akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa: chini ya miezi miwili zikifika 60, miezi miwili hadi kumi na moja zikifika 50, mwaka mmoja hadi mitano zikifika 40, au ukiona mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, hiyo ni kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku. Kikohozi cha mtu mzima kikivuka wiki mbili akapime kifua kikuu.

## Usikimbilie porini kila mara

Kata tawi lisilo na maua urefu wa shibiri, toa majani ya chini, chomeka nusu kwenye udongo wenye unyevu chini ya kivuli, mwagilia kila jioni. Wiki tatu utaona vichipukizi vipya, hamishia kando ya jiko au bafu la nje ambapo maji hayakosi, acha hatua moja na nusu kati ya mche na mche. Chukua tawi kutoka kwenye kile kichaka kilichofaulu mtihani wa kunawa, sio chochote tu. Ukikata matawi kila baada ya miezi miwili mitatu kinatanuka badala ya kurefuka, na miche minne inatosha kabisa nyumba inayohifadhi debe moja.

Nyuki wakianza kujaa kwenye maua usiwafukuze, kata upande mwingine.